Mwaka Niliotafuta Kadi ya Gesi

Ujumbe wa sauti ulinikuta juu ya paa la hoteli moja, nimepiga magoti mbele ya mashine ya kiyoyozi, mikono imejaa grisi. Nikaigusa simu kwa kidole cha mwisho, ndicho pekee kilichokuwa safi. "Mwanangu Akello, Papa Deo ametuacha leo asubuhi. Kuja. Wewe ni mutoto wa hii nyumba, usikuje kama mugeni." Ilikuwa sauti ya Mama Furaha, mkewe, na ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyekwisha kulia akabaki na kazi za msiba tu. Niliusikiliza mara tatu. Ningependa kuandika hapa kwamba machozi yalinitoka, maana ndivyo inavyotakiwa mtu akifiwa na mwalimu wake. Hayakutoka. Nilichohisi kwanza ni hasira: mzee huyu amejiendea zake bila kuniomba msamaha, na sasa nitatakiwa nikae kwenye kiti cha plastiki chini ya tenti niwasikilize watu wakimfanya mtakatifu. Nikamaliza kazi yangu, maana mashine haijui matanga, nikashuka.

Habari za ukoo wangu hazina nafasi katika sura hii. Inatosha mjue nilikulia kwenye nyumba za polisi pale Naguru, Kampala, ambako Waacholi, Walugbara na Waiteso waligombana kwa Kiswahili kwenye bomba la maji, na ndiyo maana mpaka leo nikikasirika Kiswahili ndicho kinachotangulia kunitoka. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mbili na cheti cha chuo cha ufundi ambacho hakikumtisha mtu yeyote. Kila karakana niliyobisha hodi walinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, halafu wakaniuliza kama natafuta kazi ya kuwapikia mafundi. Papa Deo hakuniuliza. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mrefu, mwembamba, mwenye karakana nyuma ya ghorofa moja kule Bukoto, na siku nilipomtokea alikuwa anahangaika na friji la duka la nyama. Aliniangalia, akanyoosha kidole kwenye mabomba ya shaba. "Inavuja wapi?" Nikapitisha kidole polepole kwenye kila kiungo mpaka nikakuta utelezi kidogo wa mafuta, kwa sababu gesi ikitoroka huacha mafuta nyuma yake, haiwezi kujificha. "Hapa," nikasema. Akacheka mpaka akakohoa. "Kesho kuja na ovaroli."

Karakana yenyewe ilikuwa veranda iliyojaa mafriji yasiyo na milango, na nyuma ya pazia la maua ilianza nyumba. Chumba kimoja kilikuwa sebule, jiko, stoo ya vipuri na darasa la watoto. Katikati palikuwa na friza kubwa la kulala ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua, na ndilo lililokuwa meza yetu. Saa saba mchana Mama Furaha alilitandika kitambaa cha plastiki, akaweka bugali, ugali wa kwao, mviringo uliofunikwa na sahani, sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa ikalainika, na siku ya neema sambaza, vile visamaki vya ziwa lao ambavyo msafiri fulani alikuwa anamletea vimefungwa kwenye gazeti. Mimi niliyezoea posho na maharage ya kambini nilijifunza kula hapo. Mama Furaha alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka, na alikuwa na tabia ya kunisogezea vipande vizuri bila kunitazama, kana kwamba sahani imejisogeza yenyewe. Mbele ya majirani aliniita "mukubwa wangu," yaani mtoto wake wa kwanza, na watoto wake watano waliniita yaya, dada mkubwa kwa maneno ya kwao. Haki ya Mungu, sijapata kupendwa kwenye kazi kama nilivyopendwa kwenye chumba kile. Ndiyo maana inaniuma kuandika.

Na mzee alifundisha. Mgala muue na haki yake umpe. Alinifundisha kumsikiliza kompresa kwa kuweka bisibisi kwenye mwili wake na mpini sikioni, nikajua kama amechoka au amesongwa tu. Alinifundisha kuchomelea shaba mpaka kiungo kikae kama kimeota pale. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka, na macho yake yalikuwa yanaona ukungu pembeni, kwa hiyo kufikia katikati ya mwaka kazi zote za moto zilikuwa zangu, yeye alisimama nyuma na kusema, "Ongeza. Basi. Toa." Tena alinifundisha jambo moja ambalo lazima nilieleze vizuri, kwa sababu ndilo lililoniangusha. Gesi hutoka mtungini kwenda kwenye friji kupitia mpira mrefu, hosi tunaiita. Ndani ya hosi tupu kuna hewa ya kawaida, na hewa hiyo ikiingia kwenye friji italiua taratibu. Kwa hiyo fundi wa zamani hufungua mtungi kidogo, hulegeza ncha ya hosi, gesi hutoka "psss" na kuisukuma hewa nje, halafu anakaza. Sekunde mbili tu. Papa Deo aliliita jambo hilo kuipa hosi pumzi. "Mupe pumzi, mutoto," alisema hata akiwa amenipa mgongo, akasubiri kusikia ile psss. Asipoisikia aligeuka na kunikazia macho mpaka nione haya. Baada ya miezi michache mkono wangu ulikuwa unaifanya wenyewe, nikiwa nawaza mambo mengine kabisa.

Mwaka huohuo ndipo ikaja habari ya kadi. Wakubwa walisema gesi zetu zinaharibu anga, na kwamba kuanzia Januari hakuna duka mjini litakalomuuzia gesi mtu asiye na kadi ya fundi aliyefanya mtihani na kufaulu. Mafundi wa Kampala walicheka. Walisema wakubwa hao watachoka na kadi zao, kama walivyochoka na mambo mengine. Mimi sikucheka, maana nilikuwa na sababu yangu. Tulikuwa tumekwenda kutengeneza chumba cha baridi kwenye ghala moja la chanjo, na msimamizi wa pale, mama mmoja mkavu asiyependa maneno mengi, alinisimamia saa nne nzima akiangalia ninavyochomelea. Tulipofunga vifaa akanivuta kando. "Nataka fundi wa kudumu hapa. Nimekuona wewe, sio huyo mzee. Lakini nataka mwenye kadi. Niletee kadi kabla Novemba haijaisha, kazi ni yako." Nilirudi Naguru kwa miguu siku hiyo, nikipanda kilima kile nikiongea peke yangu. Jamani, kazi ya kudumu! Sanduku la vifaa lenye jina langu, na mlango ambao nikiubisha hawaniulizi kama nimekuja kupika. Sikuwahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kadi ile.

Nilimwambia Papa Deo siku iliyofuata, tena nikamwambia yote, hata habari ya Novemba. Mtu humficha nani, baba yake? Alisema ni vizuri, akaniambia nilete vitabu. Mtihani wa maandishi ulikuwa kwa Kiingereza, na yeye Kiingereza chake kilikuwa cha "yes boss" na "tomorrow finish". Kwa hiyo kila siku baada ya kula Mama Furaha alipangusa friza, mimi nikafungua karatasi zangu, nikasoma swali kwa sauti, nikalifasiri kwa Kiswahili, nikalijibu. Papa Deo alikaa mbele yangu akichokonoa meno. "Rudilia ile ya nne," alisema. "Ile neno lao wanaandika namna gani?" Nikamwandikia. Nilifikiri ananipima. Nilijivunia kwamba mzee mwenye kazi nyingi anatoa saa nzima kila mchana kwa ajili yangu. Katikati ya Agosti akasafiri siku mbili, alisema ni mashine ya maziwa huko Mbarara, akarudi kimya, hata utani hana. Mwisho wa Septemba akaenda tena Mbarara. Safari ile ya pili alirudi na mkate mkubwa na soda za watoto wote, na mimi nikasema, ehe, mashine ya maziwa imepona.

Mtihani wa maandishi nilipita, na wa vitendo ukawekwa wiki ya pili ya Novemba. Wiki moja kabla tulifanya mazoezi verandani. Nilifunga geji, nikaunga hosi, nikafungua mtungi, psss, nikakaza. Papa Deo alikuwa ameegemea ukuta. Namkumbuka alivyofungua mdomo, akaufunga, akaangalia upande wa pazia. Halafu akasema, "Ni vizuri. Fanya vile vile." Mama Furaha alichukua ovaroli langu akalifua na kulipiga pasi, akashona na kifungo kilichokuwa kimelegea. Asubuhi ya mtihani nilipita Bukoto makusudi ili wanione. Mama akaniombea, kiganja chake kichwani mwangu, sala ndefu ya kwao ambayo haimwachi malaika hata mmoja.

Ukumbi ulikuwa na meza kumi na mbili, na kila meza ilikuwa na friji lililovuliwa mwili likabaki mifupa. Nilikuwa mwanamke peke yangu. Mtahini alikuwa mzee mwenye miwani na kalamu nyekundu, anayetembea kwa viatu visivyolia. Nilichomelea kiungo changu nikaona kijana wa meza ya jirani anakichungulia kwa wivu, nikafurahi. Nikachukua hosi. Mkono wangu ukafungua mtungi, ukalegeza ncha, psss, ukakaza. Nilisikia kalamu ikiandika nyuma yangu. "Nambari saba, weka vifaa chini." Nilitazama kushoto na kulia kumtafuta nambari saba. "Wewe, binti. Umetoa gesi hewani. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza. Hewa ya kwenye hosi inatolewa kwa pampu, haitolewi kwa gesi." Pampu ilikuwa pale chini ya meza, mpya, ya rangi ya buluu, na mimi nilikuwa nimepanga kuitumia baadaye, kwenye friji. Niliijua kanuni ile! Ningeweza kuikariri usingizini: ni marufuku kuachia gesi hewani. Lakini haikunijia hata mara moja kwamba pumzi ya hosi ni kuachia gesi, kama vile mpishi asivyohesabu mvuke wa sufuria kuwa chakula kilichomwagika. Niliondoka ukumbini kabla ya nusu saa. Wengine walikuwa bado wanachomelea viungo vyao.

Nilifika Bukoto nikiwa nimelia barabara nzima. Papa Deo aliinuka kitini. "Umefanya nini?" Nikamwambia nimeipa hosi pumzi. Akapiga makofi mara moja, akashika kichwa. "Ile tu? Kumbe hata ile banakataza? Hawa batu ni bakali!" Sasa sikiliza: niliona anavyoshangaa, nikamhurumia. Nikasema, "Papa, hata wewe ungeanguka." Akajibu, "Hata miye, mutoto." Mama Furaha alinikumbatia tukalia pamoja, akaniwekea chai ya tangawizi, akakaa kitandani akinipapasa mgongo mpaka nikasinzia palepale mchana kweupe. Duru za mtihani za mwaka huo zilikuwa zimekwisha, nyingine ilikuwa Mei. Nilikwenda kwenye ghala la chanjo kumwomba yule msimamizi aningoje. Hakunifokea. Alisema friji za chanjo hazijui kungoja, na kufikia mwanzo wa Desemba alikuwa amempa kazi kijana wa meza ya jirani, yule aliyekuwa anachungulia kiungo changu.

Nilijua ukweli wiki mbili kabla ya Krismasi. Fundi Ssali wa Kawempe, rafiki wa mzee wa siku nyingi, alikuwa amekuja na kompresa kuukuu za kuuza. Wanaume wawili walikaa verandani kwenye makreti ya soda, sisi wanawake tulikuwa ndani ya pazia, mimi nachambua majani ya sombe, Mama Furaha anatwanga. Wale wakaingia kwenye habari ya kadi, maana Januari ilikuwa inabisha hodi. Ssali alikuwa Muganda wa kuongea kwa sauti ya sokoni. "Banange, Deo, kadi unayo? Mimi nataka kwenda, ila naogopa." Nikasikia pochi ikifunguliwa. "Hii hapa. Mara ya kwanza, kule Mbarara, niliangukia kwa hosi. Niliipa pumzi, ule mzee wa kalamu akaniambia toka. Mara ya pili nikatumia pampu, nikapita." Mama Furaha akazidisha kutwanga. Ssali akapandisha sauti ili asikike. "Kale, na huyu binti yako si ndiko ameangukia? Hukumwambia?" Kinu kikasimama. Nilisikia mzee akivuta pumzi. "Bwana, nikimwambia atapita. Akipita ataenda. Miye nitabakia na nani?" Ssali hakucheka. Alisema tu, "Mm, Deo," akaanza kuongea habari za kompresa.

Watu huniuliza, nikiwasimulia, kama nilitoka nikamrushia kinu. Sikutoka. Nilimaliza kuchambua majani. Vidole vilikuwa vyangu na kichwa kilikuwa cha mtu mwingine, kinahesabu: Agosti, Mbarara. Septemba, Mbarara. Wiki ya mazoezi, mdomo uliofunguka ukafungwa. Na yale maswali niliyomfasiria mchana baada ya mchana, nikimwandikia maneno ya Kiingereza herufi kwa herufi! Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake kwa ule mtihani wa maandishi, na kwa ule wa vitendo yeye alinishika mkono akanipeleka shimoni. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, lakini mimi nilikuwa sijui kama nimevaa nguo. Ssali alipoondoka chakula kikaletwa. Tukakaa watatu kuzunguka friza, watoto walikuwa wametoka kucheza. Mzee akakata bugali, akachovya.

"Papa Deo," nikasema, "ulijua?"

"Kula kwanza."

"Nakuuliza. Ulijua nitaanguka?"

Mama Furaha aliweka mkono mdomoni. "Ee Mungu wangu, Deo," akasema. Mzee akamtazama mkewe muda mrefu, halafu akaitazama sahani yake. Aliponijibu aliongea taratibu, kama mtu anayepita juu ya ubao mwembamba. "Nilijua. Ni miye. Angalia hizi mikono. Haya macho, nikiangalia moto naona mbili. Nani atanichomelea mabomba? Wewe uko kijana. Mwaka moja kwako ni kitu gani? Ungerudilia."

"Ghala la chanjo halikungoja mwaka."

"Itakuwa ghala ingine."

"Uliniambia 'hata miye, mutoto.' Nililia hapa, ukaniambia hata wewe ungeanguka!"

"Hiyo haikuwa uongo," alisema. "Nilianguka." Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika, mengine ya Kiacholi ambayo hakuyaelewa, na nashukuru. Mzee alikula mpaka mwisho, akafuta sahani kwa kidole, akaenda verandani. Mama Furaha akanifuata mlangoni, ananishika mkono, analia. "Usitutupe, mwanangu. Baba amekosa. Miye usinitupe." Na mimi sikumtupa. Kwenye uchungu ule wote nilijiambia angalau kuna mmoja wao aliyekuwa hana habari kama mimi, aliyesikia siku moja na mimi, saa moja na mimi. Nilimshikilia huyo.

Mngependa kusikia kwamba niliondoka siku ileile. Nani angeniuzia gesi? Bila kadi sikuwa fundi, nilikuwa msichana mwenye bisibisi. Ilinilazimu kubaki chini ya kadi ya mtu aliyeninyima yangu, miezi mitano, mpaka Mei. Nilichomelea mabomba yake. Nilifika asubuhi nikamwamkia, maana nimelelewa, na mpaka jioni hatukusemeshana ila "shika" na "lete". Kwenye chakula nilichukua sahani yangu nikaenda kula pembeni, kando ya jiko, na Mama Furaha, naye akanisogezea vipande vizuri kama zamani. Siku moja nikiunga hosi nilitumia pampu, ile kompresa kuukuu aliyoigeuza pampu, na mzee aliyekuwa amenipa mgongo hakusikia psss, akageuka kwa mazoea kunikazia macho. Macho yetu yakakutana. Akayainamisha yeye, akaingia ndani. Mei nilifanya mtihani, nikapita wa pili kati ya watahiniwa wote. Niliipeleka kadi Bukoto siku hiyohiyo, nikaiweka juu ya friza mbele yake, nikaichukua tena, nikaondoka. Nilidhani nitajisikia kama mshindi. Nilijisikia kama mtu aliyerudishiwa koti lake mwenyewe, limelowa.

Kazi nimefanya, namshukuru Mungu. Nimefunga viyoyozi kwenye majengo ambayo enzi hizo nisingepita getini. Na miaka hii yote ishirini na mitano sikumsemesha mzee zaidi ya salamu. Lakini Mama Furaha nilimtembelea. Walipohamia Kawempe nilimfuata huko. Nilijua saa ambazo mzee huenda kanisani au kwa rafiki zake, nikaenda saa hizo, tukanywa chai, nikampelekea sukari, nikamtengenezea friji lake kila lilipougua. Binti yangu wa kwanza nilimwita Furaha. Wanawake hujua mambo ambayo hawasemi, na mimi nilifikiri namjua yeye.

Basi nikaenda matangani. Tenti, viti vya plastiki, jeneza chini ya picha yake ya ujana, akinamama wa kwaya wamevaa vitenge vya sare. Mchana ule kila mtu alisema lake, na mimi nilikaa nyuma, nimekunja mikono. Halafu akasimama Gloire, mtoto wao wa mwisho, sasa mtu mzima mwenye kitambi, akashika kipaza sauti akataka kuwachekesha watu kidogo, kama inavyofanywa. "Papa alitufundisha kwa mifano," alisema. "Alikuwa na mwanafunzi mmoja, mzuri sana, yuko hapa leo. Siku ya mtihani, mbele ya mtahini, akasahau kila kitu, akaachia gesi psss! Nyumbani kwetu mtoto akifanya kosa la haraka tulimwambia, angalia, usifanye kama yaya Akello." Watu wakacheka kwa upole, wakageuka kunitafuta. "Yaya, simama utuambie neno!"

Nilisimama. Miaka ishirini na mitano nilikuwa mfano wa uzembe kwenye chumba nilichokula! Nilipita katikati ya viti mpaka mbele, nikakataa kipaza sauti. Marehemu hasemwi, najua, nimefundishwa na mama yangu. "Gloire," nikasema, "mimi sikusahau. Nilifanya vile vile baba yako alivyonifundisha. Na alijua nikifanya hivyo nitaanguka, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshaangukia hapohapo. Alijua na akaninyamazia. Ukiwasimulia watoto wako, wasimulie hivyo."

Gloire alibaki na kipaza sauti mkononi, mdomo wazi. Mama Furaha alikuwa kwenye mkeka kando ya jeneza, miguu imenyooshwa, amezungukwa na wajane wenzake. Alininyoshea mkono nikainama, nikidhani anataka kunituliza, au kunikanya. Alinishika kiganja kwa nguvu.

"Ni ya kweli," alisema, na wote wa mkekani walimsikia. "Lakini Deo alitaka kukuambia, Akello. Alirudi toka Mbarara akiwa ameanguka, akasema kesho nitamuonya mutoto. Ni miye nilimukataza. Nilikuwa na batoto batano na macho yake ilikuwa inakufa. Nilimwambia, ukimuonya, utakula nini? Na siku ulimuuliza, aliniangalia, akasema ni yeye."

Nilitazama uso wake. Ulikuwa uleule, wa mtu anayekusogezea kipande kizuri bila kukutazama, ila sasa alikuwa ananitazama. Nyuma yake lilikuwa jeneza la mtu niliyemchukia nusu ya maisha yangu kwa kosa la watu wawili alilolibeba peke yake. Nilitaka kumwambia yule mama neno lolote, hata tusi. Nikalitafuta kwa Kiswahili, nikalitafuta kwa Kiacholi. Gloire akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimemaliza. Nikautoa mkono wangu mkononi mwa mama yake, kidole kimoja kimoja maana alikuwa ameushika kwelikweli, nikamwambia ndiyo, nimemaliza.